Kinachoshika Katikati

Kabla ya kugusa spana, fundi huyu huishika pikipiki masikio. Husimama mbele yake, gurudumu la mbele akilibana kwa magoti kama kinyozi aliyembana mtoto mtukutu, kisha hushika vipini viwili na kufumba macho. Mwenye pikipiki, kijana wa stegi, anaanza kueleza: inagonga mbele, inavuta kushoto, nimeshabadilisha tairi, nimeambiwa ni beringi. Fundi anainua mkono mmoja kumnyamazisha. Majina ya ugonjwa amesikia ya kutosha tangu asubuhi.

Kibanda chake kiko Kawangware, hatua chache kutoka stegi ya 56, mahali ambapo barabara hubanwa na mama mboga upande huu na wauza mitumba upande ule. Ni mabati matatu na turubai. Kuna kreti mbili za soda, jerikeni iliyokatwa katikati ikawa beseni la kuoshea vyuma kwa petroli, na sumaku nyeusi iliyong'olewa kwenye spika ya redio iliyokufa. Mimi si mwanaboda. Ni mwalimu mwenye pikipiki kuukuu ya kunipeleka kazini Kibera na kunirudisha jioni kupitia Dagoretti Corner, na nilimfikia fundi huyu kwa njia ambayo wengi humfikia: baada ya kwenda kwa mwingine.

Pikipiki yangu ilikuwa imeanza kugonga. Ko! kila niliposhika breki ya mbele. Ko! kila nilipotumbukia shimoni. Fundi wa kwanza, wa mtaa mwingine, alisikiliza nusu dakika, akachukua spana na kuikaza nati kubwa iliyo juu ya shingo ya pikipiki, pale usukani unapokutana na fremu. Kelele ikafa papo hapo. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka nikijiona mjanja. Wiki iliyofuata nikaanza kuyumba. Kwenye mwendo wa kasi sikuona shida kubwa. Shida ilikuja nilipopunguza mwendo kwenye msongamano, nikiwa nyuma ya mkokoteni: pikipiki inaelemea upande mmoja, nairudisha, inapitiliza upande wa pili, kama mlevi aliyeambiwa na askari atembee juu ya mstari. Nikalaumu tairi. Nikalaumu upepo. Kwa siku mbili tatu nikalaumu umri wangu.

Fundi wa 56 aliifumbia macho pikipiki yangu kama anavyozifumbia zote, akaniuliza swali moja.

"Mwalimu, ilikuwa inagonga?"

"Ilikuwa. Iliacha."

"Iliacha yenyewe ama ilinyamazishwa?"

Ndani ya shingo ya pikipiki mna vikombe viwili vya chuma, kimoja juu na kingine chini. Kati ya kila kikombe na koni yake kuna mduara wa gololi ndogo, kama punje za choroko, zilizolazwa kwenye grisi. Pikipiki kubwa za bei hutumia roli zilizochongoka badala ya gololi, lakini nduthi, yaani pikipiki ndogo za huku, nyingi ni za gololi. Mafundi wa Nairobi huuita mkusanyiko huo wote koni, na ukiambiwa "koni imeisha" ujue ni vyote pamoja. Kazi yake ni kuuacha usukani ugeuke bila kuuacha ulegee. Ukilegea, foki hupiga mbele na nyuma ndani ya shingo, na hiyo ndiyo ko! niliyokuwa nikiisikia. Ukikazwa kupita kiasi, unakuwa mzito. Kati ya hayo mawili pana nafasi nyembamba mno, labda sehemu ndogo ya mzunguko mmoja wa nati, na pikipiki nzima, na mwenyewe, na abiria wake, na kuku wa abiria, huishi humo.

Teknolojia hii ni ya baiskeli. Marehemu baba alikuwa na Black Mamba kule Busia, mji wa mpakani uliotupa neno bodaboda miaka ya sitini, wakati vijana walipovusha watu na mizigo kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Kila Jumapili alishika breki ya mbele, akaisukuma baiskeli mbele mara mbili, akasikiliza. Nilidhani anacheza nayo. Fundi wa 56 naye alianza na baiskeli. Serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, nduthi zikafurika mitaani, naye akabaki palepale alipokuwa, spana zilezile, akiongeza kubwa zaidi moja moja. Gololi alikuwa akizijua tayari.

Kuna wagonjwa watatu, alinieleza, wanaolia kwa sauti moja. Akaisimamisha nduthi ya kijana kwenye stendi kubwa, akasukuma kreti chini ya injini mpaka gurudumu la mbele likaning'inia hewani. Kwanza alilishika gurudumu lenyewe, mkono huku na mkono huku, akalitikisa kuelekea ubavuni. Kama lingecheza wakati foki imetulia, lawama ingekuwa ya beringi ya gurudumu. Halikucheza. Kisha akashika miguu ya foki kwa chini, akavuta na kusukuma. Ko. Kijana akaruka: "Hiyo! Ni hiyo!" Fundi hakumjibu. Aliniita mimi, akachukua kidole changu cha shahada, akakiweka pale chini ya shingo ambapo chuma kinachogeuka kinapakana na kile kisichogeuka. Akavuta tena. Nikahisi ufa ukifunguka na kufumbika chini ya ngozi, mdogo kama pumzi.

"Sasa weka hapa," akasema, akakishusha kidole mpaka pale bomba linalong'aa linapoingia kwenye mguu mnene wa foki. Akavuta. Kimya. Kwa hiyo foki nzima, koni mbovu.

Nilimuuliza kwa nini asiamini sikio tu. Akacheka. Chuma hubeba sauti, akasema. Beringi ya gurudumu ikilia kule chini, sauti inapanda foki na kutokea mikononi, na mtu anaapa kwamba usukani ndio mgonjwa. Amewahi kuwapokea watu waliokwisha kununua koni mpya kwa sababu ya beringi ya gurudumu. Kidole kinagusa mpaka wa vyuma viwili, na ufa ukifunguka kinauhisi palepale ulipo.

Kwangu, kidole hakikuhisi chochote. Nati ilikuwa imekazwa vizuri sana. Hapo ndipo alipobadili mtihani: gurudumu likiwa bado hewani, aliniambia nishike kipini kwa vidole viwili, bila nguvu, niuzungushe usukani polepole kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa. Ulikwenda kwa uzito, kama kijiko ndani ya ugali. Ulipofika katikati, mahali pa kutazama mbele moja kwa moja, ukanaswa. Kitu kidogo tu, kama mlango wa kabati unaodakwa na sumaku. Nikausukuma, ukatoka. Nikaurudisha, ukanaswa tena, palepale.

"Unaona," akasema. "Inashika katikati."

Maneno hayo nimekuwa nikiyatafuna tangu siku ile. Ningeulizwa kabla, ningesema usukani unaopenda kukaa katikati ndio usukani mwema. Ungetaka nini zaidi? Unautupa, unarudi kwenye njia. Hata kwenye kasi niliona kama pikipiki imetulia, imekuwa mtiifu. Kumbe gololi zilikuwa zimejichimbia vitanda.

Linalotendeka mle ndani ni hivi. Beringi ya gurudumu huzunguka mfululizo, na kila gololi hupita kila mahali, ikisambaza grisi na kugawana maumivu ya barabara na wenzake. Koni haina bahati hiyo. Siku nzima ya boda usukani hugeuka nyuzi chache tu kushoto na kulia, na muda mwingi hauonekani kugeuka kabisa. Gololi ileile hukaa mahali palepale pa kikombe, na kila shimo la Kawangware, kila reli ya Kibera inayovukwa na mkungu wa ndizi nyuma, huipiga nyundo mahali hapohapo. Mwaka 1900 mhandisi wa Uswidi, Johan August Brinell, aliwaonyesha wenzake namna ya kupima ugumu wa chuma: bonyeza gololi ngumu juu yake kwa uzito unaojulikana, kisha pima kishimo kilichobaki. Mtihani huo mashimo yetu huwafanyia wanaboda bure, mara elfu kwa siku.

Lakini pigo si adui pekee. Mwaka 1937 John Almen, mtafiti wa General Motors, aliandika juu ya fumbo la magari mapya yaliyosafirishwa kwa treni: yalifika yakiwa na vishimo kwenye beringi za magurudumu, na hayakuwa yamekwenda popote kwa magurudumu yao. Yalikuwa yamesimama tu, yakitetemeka juu ya behewa. Mtetemo mdogo usiokuwa na mzunguko huisukuma grisi pembeni, chuma kikasuguana na chuma, na unga mwekundu kama kutu ukazaliwa humo. Nilipomsimulia fundi habari hii hakushangaa. Alinionyesha kikombe kikuukuu kutoka kwenye mkebe wake wa vyuma chakavu: mduara wa vidoa vilivyopangana kama alama za meno, na ndani ya kila kidoa wekundu. "Hii ilikuwa ya jamaa wa barabara nzuri," akasema. "Hakuwahi kuanguka hata siku moja."

Nadhani hapa ndipo nilipoelewa kuyumba kwangu, ingawa ilinichukua safari kadhaa za kurudi nyumbani kulielewa jambo lote. Pikipiki haisimami wima kwa sababu imenyooka. Inasimama kwa sababu inaanguka bila kukoma, kidogo kushoto, kidogo kulia, na kila inapoanza kuanguka usukani hugeukia upande uleule, magurudumu yakarudi chini ya uzito. Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha kazi ya wahandisi waliotengeneza baiskeli ya ajabu, ambayo walikuwa wameiondolea zile nguvu mbili ambazo vitabu vilizipa sifa yote ya kuisimamisha. Ikasukumwa bila mtu juu yake, nayo ikaendelea wima, kwa kuwa bado iliweza kujigeuza upande inaoangukia. Funga usukani wa baiskeli yoyote katikati, hata kwa kamba, uone utafika wapi.

Kwa hiyo njia iliyonyooka ya mwanaboda ni mkufu wa kona ndogondogo zisizoonekana. Koni inayoshika katikati inamnyima zile kona. Anataka kugeuka unywele mmoja, kishimo kinasema hapana, anaongeza nguvu, gololi inaruka kutoka kitandani na kumpeleka nywele tano. Anarudisha, hadithi ileile upande wa pili. Kwenye kasi kosa hili hufichika kidogo, maana magurudumu yenyewe husaidia. Polepole, nyuma ya mkokoteni, halina pa kujificha.

Wala halina pa kujificha kwenye lami. Jambo hili lilinichekesha kidogo, kisha likaacha kunichekesha. Toka Kawangware kwa Barabara ya Gitanga na baada ya dakika chache uko Lavington, mitaa ya mijakaranda, nyua za michongoma zilizokatwa kwa rula, lami laini kama ubao wa kukatia mboga. Kawangware kila kitu kinatetemeka, kwa hiyo hakuna kinachosikika. Kijana anaichimba koni yake mwaka mzima kwenye tope la Gatina na Kabiria bila kujua, kisha siku moja anampeleka mteja Lavington na kusema: hii barabara ina nini, mbona nduthi inacheza? Ugonjwa umezaliwa kwake; ameusikia mara ya kwanza kwa watu.

Kibera nako kuna lami yake ya kushtaki koni. Ni ile barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, ambayo matingatinga yaliifungulia njia Julai 2018, yakavunja nyumba na shule na kuwaacha maelfu ya watu wakiwa na magodoro kichwani. Mwalimu wa Kibera hawezi kuipita bila kukumbuka madawati. Ni barabara nzuri. Iko sawasawa, na kila jioni nilipoishika na pikipiki yangu ikaanza kutafuta mstari kushoto na kulia, nilijiuliza ni nani hasa aliyenyooka pale.

Foki zenyewe zina magonjwa ya wazi zaidi, sitakaa nayo sana. Futa bomba linalong'aa kwa kitambaa, shika breki ya mbele, bonyeza pikipiki chini mara tatu kwa uzito wako wote. Pete ya mafuta ikibaki kwenye bomba, sili imekatika. Tope likikauka pale huwa msasa. Wengi huzivalisha foki soksi za mpira, na soksi hizo huzuia vumbi kweli, ila pia huficha uvujaji mpaka mafuta yakaisha yote bila mwenyewe kujua. Na mafuta ndiyo foki. Springi peke yake hupokea pigo na kulirudisha kama lilivyo, kama mtu asiyeweza kutunza siri. Mafuta yanayosukumwa kupenya matundu madogo ndiyo hulimeza pigo na kuligeuza joto. BMW walipoipa R 12 foki ya namna hiyo mwaka 1935 waliuza pikipiki ya polisi na majeshi. Leo foki hiyo hubeba magunia ya makaa, tena mara nyingi ikiwa imejazwa mafuta ya injini, mapya kwa mwenye bahati na yaliyokwisha kutumika kwa asiye nayo. Halafu kuna foki iliyopinda baada ya ajali, usukani ukitazama Kangemi na gurudumu likielekea Satellite. Fundi hulegeza bolti za mabano, analibana gurudumu kwa magoti, anauzungusha usukani mpaka vitazamane, anakaza. Wasio na subira hufanya hivyohivyo bila kulegeza bolti, na chuma hukumbuka.

Ninachotaka kukisema juu ya foki ni kimoja tu: foki iliyokufa ndiyo huua koni. Pigo ambalo mafuta hayakulimeza hupanda juu na kwenda kukaa shingoni. Fundi wa 56 hakubali kumwekea mtu koni mpya juu ya foki kavu. Amewapoteza wateja kwa hilo.

Na sasa nimrudie fundi wangu wa kwanza, aliyekaza nati. Kwa muda nilimkasirikia. Siku hizi simkasirikii sana. Wengi wa vijana wa stegi hawamiliki nduthi wanazoendesha. Jioni kuna hesabu ya kumpelekea mwenyewe, au mkopo unaolipwa siku kwa siku, na siku isiyo na safari haina msamaha. Kubadilisha koni ni asubuhi nzima. Kukaza ni dakika mbili. Fundi anayekaza anauza kile mteja anachoweza kukinunua, yaani kimya mpaka Ijumaa. Nati ikikazwa, gololi husukumwa ndani zaidi ya vitanda vyake, na kila mara inayofuata inabidi ikazwe zaidi. Mimi nilikuwa na mshahara na bado nilinunua dakika mbili.

Asubuhi ya matengenezo yangu nilikaa juu ya kreti ya pili. Gurudumu likatoka, kisha breki, kisha nati kubwa, na foki yote ikashuka taratibu mikononi mwake. Alikuwa ametandaza shati kuukuu chini, kwa sababu hapo ndipo gololi hukimbia. Zilimwagika kama mvua kavu. Mbili ziliruka shati zikaingia vumbini, na sumaku ya spika ikapita juu ya ardhi mara moja, ikaja nazo, pamoja na misumari miwili, kizibo cha soda na sarafu ya shilingi. Akazihesabu zote, ingawa alikuwa anakwenda kuzitupa. Nikamuuliza kwa nini.

"Nijue kama yule mwingine aliziacha zote."

Zilipungua moja. Hakusema kitu.

Vikombe vikuukuu alivitoa kwa fimbo ya chuma kutoka ndani ya shingo, akigonga huku, akigonga huku, visije vikatoka mshazari. Vipya akaviingiza kwa kukalisha kikombe kikuukuu juu ya kipya na kugonga juu yake, akisikiliza: sauti inabadilika kikombe kinapokaa, kutoka ya bati kuwa ya jiwe. Hata mimi niliisikia. Grisi nyingi, gololi moja moja kwa kidole kilichopakwa, koni juu yake, foki ikarudi. Akaikaza nati kwa nguvu kabisa, akauzungusha usukani huku na huku mara kadhaa ili kila kitu kikae, kisha akailegeza. Akaikaza tena kwa vidole tu, na unywele mmoja wa spana. Akauachia usukani uliokuwa katikati. Uliwaza kidogo, ukaanguka wenyewe kushoto mpaka mwisho. Akaurudisha. Ukaanguka kulia.

Nilimlipa, nikawasha, nikaingia barabarani, nikaanza kuyumba. Vibaya kuliko mwanzo. Nikageuka na kurudi kabla ya kufika kwa muuza mahindi, nimekasirika, nikamwambia haijapona. Akaishika masikio. Akafumba macho. Akaniambia nishuke, akaipanda mwenyewe, akazunguka kati ya mikokoteni na akina mama na mbuzi mmoja polepole kabisa, mkono mmoja, akarudi amenyooka kama uzi.

"Mwalimu," akasema, "bado unaisukuma."

Miezi yote ile mikono yangu ilikuwa imejifunza kupigana na kile kishimo, na sasa ilikuwa inasukuma mahali pasipo na kitu. Akaniambia nishike kwa vidole vitatu, nilegeze viwiko, niende mpaka Congo nirudi. Nilipoondoka alikuwa amekwisha kuinamia nduthi ya kijana mwingine, akitafuta kidole cha kuazima.